Ukwaju wangu unachacha kabla ya saa sita

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mume wangu anaendesha bajaji hapa Temeke. Jua hili la Januari anarudi jioni midomo imekauka, na kutwa nzima ni soda tu. Nikaanza kumfungia maji ya ukwaju: nachemsha asubuhi, natia sukari, najaza chupa. Yanakuwa na ukakasi, yana ladha ya sufuria, na ikifika saa sita yameshaumuka. Nakosea wapi? – Msomaji, Temeke

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kosa liko kwenye moto. Wengi wanachemsha ukwaju, mimi sikubali. Ukichemka na kokwa zake, ukakasi wa maganda ya kokwa unaingia kwenye maji. Na sufuria ikiwa ya alumini, uchachu unaila. Ndiyo hiyo ladha.

Kinachochemshwa ni maji. Chemsha lita mbili usiku, yakibaki vuguvugu loweka robo kilo ya ukwaju kwenye bakuli la udongo au la plastiki, ufunike, ulale. Alfajiri nawa mikono vizuri, tia mkono, fikicha polepole mpaka nyama iachane na nyuzi na kokwa zikuteleze vidoleni, nyeusi, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Chuja kwa kitambaa safi. Sukari vijiko vinne vinatosha. Usisahau chumvi, ya kubana kwa vidole viwili, maana jasho huondoka na chumvi ya mwili. Tangawizi ukipenda.

Kuumuka kunaletwa na joto na sukari. Usiku gandisha maji yaliyochemshwa, nusu chupa, ukiwa umeilaza ubavu. Asubuhi jazia ukwaju juu ya barafu. Kisha ifunge chupa kwa kitambaa kilicholowa, aiweke pale upepo unapompiga akiendesha.

Hilo la kitambaa nimelitoa kwenye mtungi wa mama yangu, Pangani. Hatukuwa na jokofu. Mtungi ulikaa karibu na mlango wa ua, unapopita upepo, juu ya mchanga aliounyunyizia maji. Mtungi hutoka jasho, na upepo ukilikausha jasho lile, maji ya ndani yanapoa. Kabla ya kuujaza aliufukiza ubani. Mpaka leo nikisikia harufu ya ubani, koo linataka maji.

Soda apunguze, sukari ile haikati kiu. Akipata dafu anywe. Maji matupu yasimkauke, tena anywe kabla kiu haijamshika.

Ukwaju hulainisha tumbo, kwa hiyo siku za mwanzo mpe chupa moja ndogo. Na siku akirudi anaongea maneno yasiyoeleweka, mwili unawaka moto, usimpe ukwaju wala chochote. Mweke kivulini, mvue shati, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na wakati huohuo mwite jirani mwenye gari mumwahishe hospitali.