Rodi zilizolala nje, na tangi la kinu cha nyuklia

SWALI: Shikamoo injinia. Mimi ni kijana wa kuchomelea, hapa Likoni. Bosi ananikataza kutumia rodi za 7018 zilizolala nje ya pakiti, anasema zimejaa haidrojeni. Juzi tukizungumzia kinu cha nyuklia kilichopangwa kule Uyombo, Kilifi, jamaa mmoja akadai haidrojeni hiyo hiyo hupasua tangi la kinu. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Bosi wako yuko sawa. Jamaa yako amepatia nusu.

Hewa ya pwani unaijua: ganda la 7018 hunyonya unyevu kama chumvi iliyoachwa wazi. Ukianza kuchomelea, maji yale huvunjika na haidrojeni ikaingia kwenye chuma kilichoyeyuka. Chuma cha moto huibeba bila tabu. Kikipoa hakiiwezi tena. Atomi zake ni ndogo mno, hutambaa hadi pale chuma kilipo kigumu na kimevutika, kisha ufa ukatokea, pengine kesho yake. Kazi nzito ndiyo maana hukaguliwa baada ya saa 48. Rodi zilizoshika unyevu hukaushwa kwenye oveni, nyuzi 260 hadi 430 za selsiasi, kwa saa mbili. Kuzianika juu ya bati, nimeona watu wakifanya, ni kujidanganya. Zilizolowa maji, tupa.

Sasa kinu. Kwenye vinu vya maji ya shinikizo, tangi ni chuma cha unene wa sentimita 20 hivi, ndani kimevishwa chuma kisichoshika kutu. Maji huwa karibu nyuzi 300, na kwa joto hilo haidrojeni hupita zake, hainasi. Kinachokifanya chuma kile kivunjike kirahisi ni nyutroni, chembe ndogo mno zinazotoka kwenye fueli ya kinu, zinazogonga atomi zake miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo vipande vya chuma hicho hicho huwekwa ndani tangu mwanzo, vikatolewa kwa zamu na kuvunjwa kwa nyundo ya vipimo, kuona chuma kimedhoofika kiasi gani.

Hata hivyo jamaa yako hakuota. Mwaka 2012, huko Ubelgiji, ultrasaundi ilionyesha vijiufa zaidi ya 8,000 ndani ya ukuta wa tangi la Doel 3, kinu kilichoanza kazi 1982. Wataalamu walivihusisha na haidrojeni iliyonaswa kiwandani, bonge la chuma lilipokuwa likifuliwa. Yaani kosa la karakana, kama lile analokukataza bosi. Baada ya uchunguzi mrefu kiliruhusiwa kuwashwa tena mwaka 2015, kikazimwa kabisa 2022.