Kufaulisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo: huyo jamaa wa mpira anawadanganya

Swali: Fundi habari za kazi. Mimi na shemeji tunajiandaa kwenda Ruaha kwa gari kupitia Mtera, tutalala kwenye hema. Nyumbani nina mtungi wa kilo 15 umejaa, na kuna kadogo ka kilo 3 tuliachiwa na mgeni. Jamaa mmoja anatuuzia mpira wa kufaulishia, anasema unageuza mkubwa kichwa chini, mdogo ukijaa unaacha kupokea wenyewe. Vipi, ni salama?

Jibu: Nzuri ndugu yangu. Sio salama, na hilo la "unaacha kupokea wenyewe" ndo linanichosha kuliko yote, kila msimu wa safari nakutana nalo.

Mtungi hauachi kupokea kwa sababu umefika kipimo, unaacha presha zikilingana, basi. Gesi ndani ya mtungi imegandamizwa ikawa kimiminika, na kipimo ni hicho kimiminika kisizidi kama asilimia 80 ya ujazo, juu ibaki nafasi ya mvuke. Sasa hawa jamaa wanauweka mdogo kwenye barafu kwanza ili uvute vizuri, unajaa mpaka shingoni, mteja anafurahi kapata gesi nyingi kwa bei poa. Hicho kimiminika joto likipanda nyuzi 10 tu kinatanuka asilimia 2 hadi 3. Umejaza asubuhi na baridi ya Dodoma ya mwezi wa saba, saa nane mchana gari limepaki juani Mtera vioo vimefungwa, kimiminika hakina pa kwenda na hakishindiliki, kinasukuma chuma. Valvu ya usalama ikiwahi kufunguka imefungukia ndani ya gari, na lita 1 ya kimiminika inatoa gesi kama lita 250, nzito kuliko hewa, inatulia chini ya viti mpaka mtu apige stata.

Kujua kimezidi sio kwa kutikisa wala kusikilizia mlio. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa pale kwenye kola, ile pete ya chuma inayozunguka valvu juu, jumlisha kilo zake za gesi, weka kwenye mizani. Waulize hao wauza mipira mizani yao iko wapi!

Na sio wasafiri tu, kuna watu wanafaulisha vibandani huku jirani jiko la chipsi linawaka, wengine wanajaza mpaka vile vikopo vyembamba vya kutumia mara moja, kopo ambalo halikutengenezwa kujazwa tena hata siku moja. Kujaza gesi ni kazi ya mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji, na makao yao makuu yapo hapa hapa Dodoma, hakuna wa kusema hajui pa kuuliza.

Nyie azimeni mtungi wa kilo 6 wa hapa kwetu, mkabadilishe kwa wakala na apime mbele yenu. Njiani usimame wima, ufungwe kamba, regulata itolewe, na msipikie ndani ya hema. Kama hako ka kilo 3 mmeshakajaza, kapimeni leo, kakizidi katoeni nje kivulini mbali na moto, msijaribu kupunguza wenyewe, mpigieni wakala wa gesi aje na mtu anayejua kazi.