Mtumie Mzazi Ujumbe Kabla Hajafika Gengeni

Ukitaka mzazi abadilishe chakula anachomfungia mtoto kwenda nacho shule, ujumbe wako umfikie kabla hajapita gengeni. Hilo ndilo la kwanza ninalomwambia mwalimu mwenzangu yeyote anayeniuliza kuhusu kundi la WhatsApp la wazazi wa chekechea yetu, huku Mbagala. Ujumbe wa saa tatu usiku unasomwa, unawekewa dole gumba, basi. Hela ya matumizi imeshaisha, na alfajiri mtoto atabeba kilichopo ndani: bisikuti na juisi ya pakiti. Ujumbe wa saa kumi jioni unamkuta mama anafunga kazi, au yuko kwenye daladala anawaza mboga ya usiku. Akishuka kituoni, genge liko njiani.

La pili ni uandike nini. "Lishe bora ni muhimu kwa ukuaji wa mtoto" ni maneno ambayo kila mama ameyasikia kliniki tangu ana mimba. Hayamwambii anunue nini leo. Mimi naandika hivi: "Habari za jioni wazazi. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vipo sokoni. Kesho badala ya bisikuti tumfungie mtoto vipande viwili vya kuchemsha. Vichemshe usiku huu huu wakati moto upo. Vina vitamini A, nzuri kwa macho na kinga." Umekwisha. Chakula kimoja, badala ya kimoja, na namna ya kukipika bila kuongeza kazi asubuhi.

Huko Australia kuna mpango unaoitwa SWAP IT, unaowatumia wazazi ujumbe kupitia programu ya simu ya shule, na shabaha yake ni hiyo hiyo ya kubadilisha kitu kimoja kwa kingine kwenye chakula cha kubeba. Wao wana vyakula vyao, sisi tuna ndizi mbivu, mihogo, mayai ya kuchemsha na maembe ya msimu. Ninachokipenda kwenye mtindo huo ni kwamba hauanzi na katazo. Mzazi ukimkataza kupitia simu anaona unamsimanga, hasa akiwa ameamka saa kumi na moja kuwahi gari.

Picha nazo zina nguvu, ila zichague. Iliyozungumzwa kuliko zote kwenye kundi letu niliipiga mezani kwangu: pakiti tupu ya juisi, nimeziba jina kwa kidole, na pembeni kisosi chenye vijiko sita vya chai vya sukari. Hesabu yake iko nyuma ya pakiti kwa herufi ndogo. Yenye gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100, ikiwa ni pakiti ya mililita 250, inabeba gramu 25. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya namna hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni vizuri zaidi. Kwa mtoto wa miaka minne pakiti moja imeshakula sehemu kubwa ya kiasi hicho, kabla hujahesabu chai ya asubuhi. Niliandika chini yake maneno matatu tu: "Maji yanatosha, wazazi." Baba mmoja ambaye huwa haandiki kitu akajibu kwamba kumbe yeye ndiye anayeleta hizo pakiti kila jioni kama zawadi. Ndiyo maana nasisitiza akina baba wawemo kundini. Mara nyingi wao ndio wanaoacha hela ya matumizi, na wao ndio wanaorudi na kimfuko cheusi chenye pipi.

Usiruhusu picha za vyakula vya watoto wa watu. Mmoja akituma hotipoti yenye kuku na zabibu, mwenye muhogo mkavu ananyamaza, na baada ya wiki unaona "ameondoka kwenye kundi". Kwetu maadmini pekee ndio wanaotuma picha. Mwenye swali ananifuata pembeni. Na tangu tuwe na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, picha yenye sura ya mtoto siitumi bila ridhaa ya mzazi wake, hata kama amekula mchicha wote na anacheka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu wengi hawalifikirii. Anayeshika simu si lazima awe ndiye anayefunga chakula. Mama yuko kundini, lakini kikopo kinajazwa na dada wa kazi au bibi. Kwa dada, namwomba mama ruhusa kwanza: "Mama, naomba niwe namtumia na dada huu ujumbe, wewe ukiwa unajua." Kumruka mama ni kutafuta ugomvi usio wa lazima. Dada wengi hupenda ujumbe wa sauti, usizidi dakika moja. Video siitumi kabisa; mwenye bando la siku haifungui.

Kwa bibi, napiga simu. Bibi mmoja anamlea mjukuu wake wa miaka mitano, simu yake kiswaswadu, na macho hayamruhusu kusoma. Alikuwa akimpa mtoto chai ya rangi pamoja na wali maharage na matembele, kwa imani kwamba chai inashusha chakula. Sasa chai inazuia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga. Nilimwambia: "Shikamoo bibi. Mjukuu amecheza vizuri leo. Naomba ile chai uisogeze mbele, ainywe jioni bila chakula. Kwenye chakula mpe maji, na ukipata chungwa mpe." Akaitika marahaba, akaniuliza chungwa la nini. Nikamweleza kwamba linasaidia madini hayo kuingia mwilini. Tulimaliza kwa habari za magoti yake, lakini chai ilisogea.

Wasio na simu za kisasa wasiachwe. SMS ya kawaida inafanya kazi. Kampeni ya Wazazi Nipendeni iliyoanza mwaka 2012 iliwafikia akina mama kwa SMS za bure, mtu akituma neno "mtoto" kwenda 15001.

Mpe mzazi taarifa pia, usimpe maelekezo tu. Mtoto akionja mlenda akautema, namwandikia mama yake: "Leo ameonja kidogo, hakumeza. Mpe tena keshokutwa, usimlazimishe." Mtoto anaweza kuhitaji kuonja chakula kigeni mara nane, kumi au hata zaidi ndipo akikubali, na wazazi wengi hukata tamaa mara ya pili wakasema "huyu mboga hali".

Kuna ujumbe mmoja ninaoufuta hapo hapo bila kuomba radhi: wa dawa za kuongeza hamu ya kula. Unasambazwa kwa sauti ya mtu asiyejulikana, na kesho yake mtu yuko duka la dawa anauliza siropu. Mtoto asiyekula kwa siku kadhaa, anayelala lala darasani, au ambaye mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki umelala au unashuka, huyo hatibiwi na kundi la WhatsApp. Hapo siandiki chochote. Nampigia mama, namwomba aichukue kadi na kesho asubuhi aende na mtoto kliniki.