Maswali Yenu: Gesi Inapanda au Inashuka?

SWALI: Nafanya usafi gesti. Choo kilikuwa na ukoko wa manjano, nikamwagia dawa ya choo yenye asidi, kisha nikaongeza jiki ili king'ae. Macho yakaanza kuwasha, nikakohoa hadi jioni. Mwenzangu alinipa maziwa. Yanasaidia?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Pole sana. Ulichovuta ni gesi ya klorini. Jiki ni maji yenye sodiamu haipokloraiti, na klorini imetulia humo kwa sababu jiki ina alkali. Asidi ikishaimaliza alkali hiyo, klorini inaponyoka ikiwa gesi, papo hapo, bila moto.

Uzito wake wa molekuli ni 71, wakati wa hewa ni wastani wa 29. Ni nzito karibu mara mbili na nusu, kwa hiyo inatanda sakafuni, na kidirisha kidogo kilicho karibu na dari hakiitoi haraka. Aliyepiga magoti anasugua ndiye anayeivuta zaidi. Ikikutana na unyevu wa macho na mapafu inageuka kuwa asidi, ndiyo maana inachoma.

Maziwa yanaenda tumboni, gesi iko mapafuni, hayakutani. Ikitokea tena, toka nje penye upepo, kaa wima, osha macho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, vua nguo zilizolowa. Ndoo iache hukohuko, usiirudie. Kifua kikibana au ukihema kwa shida, hata saa kadhaa baadaye, nenda hospitali siku hiyohiyo, maana mapafu huweza kuvimba na kujaa maji polepole. Wapelekee picha za lebo za chupa zote mbili.

Na kabla ya kutia jiki peke yake, vuta maji kwanza: mkojo uliokaa una amonia, nayo ikichanganyika na jiki hutoa kloramini, gesi nyingine inayochoma.

SWALI: Mtumbwi wetu wa mashine hubeba madumu ya petroli. Mwenzetu anavuta sigara upande wa pili, anasema yuko mbali na dumu. Ni sawa?
Msomaji, Igombe

JIBU: Si sawa hata kidogo. Kinachowaka ni mvuke wa petroli, wala si yale maji yake. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mafuta ya taa huhitaji joto la nyuzi 38 hivi au zaidi. Ndiyo maana petroli kidogo tu ikichanganywa na mafuta ya taa, karabai ya kuvulia dagaa inaweza kulipuka mkononi.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Unatambaa chini ya mbao za mtumbwi mpaka kwa mvutaji, na asilimia 1.4 tu ya mvuke ndani ya hewa inatosha kuwaka. Kwa hiyo jazeni tangi mkiwa mwaloni, mashine imezimwa, na dumu mlifunge kabla ya kuvuta kamba ya kuwashia mashine. Petroli ikimwagika huelea juu ya maji yaliyo ndani ya mtumbwi. Ikiwaka, msiimwagie maji, mtausambaza moto. Tumieni kizimamoto cha poda. Mchanga au blanketi zito lililoloweshwa vinafaa moto ukiwa bado mdogo.

SWALI: Amonia ya mitambo ya barafu ni nyepesi kuliko hewa. Ikivuja kiwandani, nilale chini?
Msomaji, Ilemela

JIBU: Usilale. Ni kweli uzito wake ni 17, na kwa kawaida hupanda. Lakini amonia ya kimiminika inayovuja huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, inapoza hewa na kunasa unyevu, ikawa ukungu mweupe unaotambaa ardhini. Angalia upepo unatoka wapi. Ukate upepo huo kwa ubavu hadi utoke kwenye ukungu, kisha elekea upepo unakotokea. Kitambaa kilicholowa puani kinasaidia kidogo, kwa kuwa amonia huyeyuka sana majini, lakini ni cha kutokea tu. Kuingia kuziba uvujaji ni kazi ya mwenye kifaa kamili cha kupumulia.