Gari Limezeeka: Niendelee Kulitengeneza Mwenyewe?

Gari langu lina miaka 18 na nimelihudumia mwenyewe tangu nilinunue. Siku hizi kila nikifungua nati, bolti inakatika. Je, wakati wa kuliacha umefika?

Umechanganya maamuzi mawili: kuacha kulitengeneza kwa mikono yako, na kuachana na gari lenyewe. Bolti inayokatika kwa kutu haimaanishi kwamba injini imekwisha. Inamaanisha kwamba kazi hiyo sasa inataka moto wa gesi na nafasi ya kulinyanyua gari, vitu ambavyo gereji inavyo na wewe pengine huna. Endelea na oili, chujio, plagi na betri. Kwa breki na usukani kipimo changu ni kikali zaidi: ikiwa huwezi kuikagua kazi yako na kuthibitisha kwamba imekaa sawa, mwachie fundi, hata kama umeifanya miaka yote.

Mkanda wa taimingi umefikia muda wa kubadilishwa. Vifaa ninavyo, uzoefu sina.

Mpe fundi. Mkanda huo ndio unaofanya valvu zifunguke na kufunga kwa kufuatana na pistoni. Katika injini nyingi, mkanda ukikatika au ukiruka meno machache tu, pistoni hugonga valvu zilizo wazi, na gharama ya kufungua silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, inaweza kuzidi thamani ya gari la umri huo. Ukishikilia kujaribu, basi ukishafunga mkanda mpya, kabla hujagusa ufunguo wa kuwashia gari, zungusha krenki, yaani mhimili mkuu wa injini, kwa spana mizunguko miwili kamili, kisha hakikisha kwamba alama zote za taimingi zimerudi mahali pake. Ikigoma katikati, usiilazimishe.

Nimeona utando mweupe chini ya kifuniko cha oili. Injini imekufa?

Si lazima. Gari linalotumika kwa safari fupi fupi wakati wa baridi halipati joto la kutosha kuukausha unyevu, nao hujikusanya hapo. Chomoa kijiti cha kupimia oili: ikiwa oili yenyewe imegeuka rangi ya maziwa, au maji ya rejeta yanapungua pasipo kuvuja nje, mshukiwa wa kwanza ni gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya silinda hedi na injini ya chini ili oili na maji visichanganyike. Usiliendeshe tena, na mwombe fundi apime mgandamizo wa kila silinda kabla hujanunua spea yoyote. Watu wengi hufanya kinyume, wakanunua kwanza na kupima baadaye.

Chini kuna kutu. Je, rangi itatosha?

Ya milangoni ni suala la sura tu. Ya chini ichunguze gari likiwa juu ya stendi imara, kamwe si juu ya jeki peke yake, kwa kugonga chesisi kwa mpini wa bisibisi karibu na sehemu zinapofungwa springi na shokapu. Chuma kizima hutoa mlio mkali. Kilichooza hutoa sauti butu, na ncha ya bisibisi ikikandamizwa huzama. Ikizama hapo, rangi itaficha tu uozo. Uliza bei ya kuchomelea kwanza, kwa sababu mara nyingi bei hiyo ndiyo huamua hatima ya gari zima, hata kama injini bado ina nguvu.

Nina miaka 67 na watoto wananikataza kuingia chini ya gari.

Wasikilize, mzee wangu, hasa kama huwa peke yako. Kazi za chini ya boneti bado ni zako, na gereji nenda nawe ukamweleze fundi historia ya gari, kwani hakuna anayeijua kukuzidi.