Ukijifunza Kihispania, usipitie kwa Kiingereza

Mwezi wa tatu tangu nianze kujifunza Kihispania nilipewa wageni wanne wa kutoka Zaragoza, Hispania. Mimi ni dereva na mwongoza watalii, naishi Arusha, na siku hiyo tulikuwa chini kabisa kwenye kreta ya Ngorongoro. Saa saba mchana nikaegesha Ngoitokitok, pale kwenye bwawa la viboko, nikagawa lanchi boksi ndani ya gari (mwewe wa pale hawana adabu, ukitoka na paja la kuku limekwenda). Nikageuka, kifua mbele, nikauliza: "¿Están hambre?"

Wakatazamana. Mama mmoja mtu mzima akanihurumia, akasema polepole kama anamfundisha mjukuu: "Tenemos hambre."

Tenemos ni tuna. Hambre ni njaa. Tuna njaa!

Nilibaki na yai la kuchemsha mkononi. Miezi mitatu nzima nilikuwa natoka kwenye Kiswahili, nazunguka Uingereza, ndipo naingia Hispania. Mwingereza hana njaa, yeye "ni" mwenye njaa, na mimi nikabeba hilo "ni" lake mpaka kreta. Kumbe Mhispania anasema kama bibi yangu: tengo hambre, nina njaa, tengo sed, nina kiu, tengo sueño, nina usingizi, tengo prisa, nina haraka. Hata umri ni hivyo hivyo, tengo treinta y seis años, nina miaka thelathini na sita.

Kosa lilianzia kwenye daftari. Kushoto niliandika Kihispania, kulia Kiingereza, kwa sababu kitabu na programu ya simu vyote vilikuwa vya Kiingereza. Jioni ile tulivyorudi nikanunua daftari jipya, kulia nikaandika Kiswahili. Ushauri wangu wa kwanza kwa anayeanza ndio huo, na kama una haraka unaweza kuishia hapa.

Tazama mambo yanavyokaa. Te quiero: nakupenda, mpendwa anatangulia kitenzi kama kwetu. Se lava: anajiosha, "ji" yetu ndiyo "se" yao. Me gusta el café, sentensi inayowatoa jasho wanaotokea Kiingereza, ni kahawa inanipendeza, basi. Quiero que vengas, ambayo vitabu huiweka mbali huko nyuma na kuizungushia vitisho, ni nataka uje. Ile "e" ya mwisho kwenye "uje" umeitumia tangu hujaanza shule. Vitenzi vyao hubeba mtenda ndani yake, hablo, hablas, habla, ila wao humtia mwishoni na sisi mwanzoni. Na sifa hufuata jina na kukubaliana nalo: libros rojos, vitabu vyekundu. Mtu aliyelelewa na ngeli zote zile haogopi el na la, vineno viwili vinavyotangulia jina kuonyesha jinsia yake. Shika tu kila neno pamoja na el au la yake siku ya kwanza, maana mengine ni makorofi: mkono ni la mano, siku ni el día.

Halafu kuna ser na estar, vitenzi viwili vya "kuwa", vyote vikitafsiriwa kwa neno moja la Kiingereza. Kwa Kiswahili vinaachana vyenyewe. Soy de Arusha, mimi ni wa Arusha. El león está debajo del árbol, simba yuko chini ya mti. Mahali na "yuko" nililiona mapema. Lililonichukua muda ni hili: "me" ya hali nayo mara nyingi ni estar. Amechoka, está cansado. Amelala, está dormido. Amekaa, está sentado. Amekufa, está muerto. Kazini kwangu simba ana hali hizo nne tu, kwa hiyo nilijikuta naongea.

Maneno nayo yana undugu. Waarabu na Waberberi waliingia Hispania mwaka 711 wakakaa karne nyingi, Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, na lugha zote mbili, Kihispania na Kiswahili, zikabaki na maneno ya wageni. Kutoka Kiarabu, azúcar ni sukari, aceituna ni zeituni, fulano ni fulani. Hasta mañana ndiyo "hata kesho" ya Kiswahili cha wazee, hata yenye maana ya mpaka. Kwa Kireno tuna meza, bendera na mvinyo, wao wana mesa, bandera na vino. Usilewe undugu huo, lakini. Baba kwa Kihispania ni udenda.

Sauti ni nafuu. Vokali ni tano zetu zilezile, ñ ni ny (nyumbu wanamwita ñu), j ni kh ya kheri. Panapotuangusha ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, nasi tunahamia na tabia hiyo. Nilitaka kusema simba aliingia msituni, el león entró en el bosque, nikakaza mahali petu ikawa entro: "simba naingia msituni." Wageni walicheka hadi msitu wa Lerai, humo humo kretani. Ukiona alama juu ya vokali, kaza hapo.

Programu za simu sizikatai, ila zilinifundisha kusema tufaha ni jekundu, na sijawahi kukutana na mgeni mwenye haja hiyo. Kilichonisaidia ni dakika ishirini kila alfajiri, gari likipata moto. Mnyama mmoja, sentensi tano, najirekodi kwenye simu, nasikiliza njiani. Wewe kama unauza kanga, anza na kanga: bei, rangi, mita. Usiku nilisikiliza redio za Hispania kwenye intaneti zikitangaza mpira. Ukijua mpira unakwenda wapi, maneno yanajipanga yenyewe.

Kilichonishinda ni r. Nyumbani kwetu r na l ni majirani wasiofungiana mlango, na Kihispania kinataka watatu: pero ni lakini, pelo ni nywele, perro mwenye r ndefu ni mbwa. Nimesema "pero el pelo del perro" peke yangu barabara nzima ya Makuyuni. Mbwa mwitu wa Serengeti anaitwa perro salvaje, na pia licaón.

Mimi namwita licaón.