Usinunue hicho kifurushi cha sera. Mimi nilinunua, kurasa 312

Mkuu, usilipe. Umeandika kwamba kampuni yenu ina watu 25 na mshauri anawauzia sera 40 za TEHAMA zilizokwisha kuandikwa, nyie mbadilishe jina na nembo tu, mtakuwa mmemaliza habari ya ISO 27001, kile kiwango cha kimataifa cha usalama wa taarifa, na ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Unauliza muanze na ipi, ziwe kwa Kiingereza au Kiswahili, mzitunze kwenye mfumo gani, mzipitie kila baada ya muda gani. Nimesoma mara mbili moyo unanidunda, maana hayo maneno ya kubadilisha jina na nembo niliambiwa na mimi.

Sisi tunaandaa mishahara ya kampuni nyingine hapa Dar. Tulikuwa 31. Majina, namba za NIDA, akaunti za benki, makato ya mikopo ya watu ambao hawajawahi kutuona, yote yako kwenye seva yetu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023, bosi akasema tafuta mtu. Nikampata. Akaja na flashi yenye faili 46. Nikabadilisha jina la kampuni kwa siku mbili, tukaprinti, tukasaini, tukagonga muhuri. Halafu tukaziambatanisha kwenye mikataba ya wateja, kwa ushauri wake, ili tuonekane tuko makini. Hapo ndipo tulipojichimbia shimo, kwa sababu sera ikishakuwa kiambatisho cha mkataba, kila mstari wake ni ahadi unayodaiwa.

Mteja wetu mkubwa, karibu theluthi ya mapato, akamtuma mkaguzi. Dada mpole, hana haraka. Hakusoma hata kurasa 10. Alifungua katikati, akaweka kidole kwenye mstari unaosema akaunti ya mfanyakazi aliyeondoka itafungwa ndani ya saa 24. Akauliza, "Nani wa mwisho kuondoka hapa?" Nikamtajia kijana aliyeacha kazi mwezi wa tatu. Siku hiyo tulikuwa mwezi wa nane. "Naomba tuione akaunti yake." Nikafungua orodha ya watumiaji mbele yake. Jina la nne kutoka juu, alama ya kijani pembeni. Akaunti iko hai, na ina ruhusa ya kufungua faili la mishahara la mteja huyo huyo. Dada wa watu hakusema neno. Alipiga picha ya skrini, akaandika saa, akafunua ukurasa mwingine.

Ukurasa huo ulisema kila robo mwaka tunajaribu kurejesha data kwenye kituo mbadala. Kituo mbadala kipi? Tulikuwa na diski moja ya nje, imechomekwa kwenye seva ile ile, chini ya meza ile ile. Akafika kwenye sera ya uvujaji wa taarifa: zikivuja, tutaripoti kwa mdhibiti wa Afrika Kusini kwa mujibu wa POPIA, sheria yao ya taarifa binafsi ya 2013. Ya Tanzania haikutajwa popote. Tulikuwa tumeuziwa sera za kampuni ya nchi nyingine, na mimi nilichofanya ni kutafuta jina na kulibadilisha, sikusoma.

Wiki tatu baadaye mkataba ukavunjwa. Barua haikulalamikia seva wala diski. Ilisema tumekiuka kiambatisho tulichosaini wenyewe. Watu wanne wakapunguzwa, mmoja wao ndiye aliyenifundisha kazi. Nilipompigia mshauri akanijibu eti sera ni malengo tu, si lazima mfanye yote. Mbona hakusema hivyo siku anapokea hela? Alijua kabisa hatuna kituo mbadala, alishakaa kwenye hicho chumba cha seva akanywa chai yetu. Hasira yangu kwake haijaisha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyetudai ule mzigo. Toleo la 2022 la ISO 27001 lina vidhibiti 93, yaani hatua za kulinda taarifa, la 2013 lilikuwa na 114, na hata hivyo 93 hubebi vyote: kisichokuhusu unakiacha na kuandika sababu. Kiwango chenyewe kinasema wingi wa nyaraka unaweza kutofautiana kulingana na ukubwa wa taasisi. Sheria yetu inataka msajiliwe, mteue afisa wa ulinzi wa taarifa binafsi, mzilinde hizo taarifa. Haihesabu kurasa.

Kwa hiyo shika hili moja: sentensi ambayo huwezi kumtaja anayeitekeleza, wala kuonyesha ushahidi kwamba ametekeleza, futa. Nilianza na dada wa rasilimali watu. Nikamuuliza, mtu akiacha kazi wewe unafanya nini? Akasema anapokea kitambulisho na laptopu, anajaza fomu, basi. Mimi sikuwa naambiwa. Tukaongeza mstari wa saini yangu kwenye fomu yake, na sera ikawa hivi: "Siku ya mwisho ya kazi, mtu wa TEHAMA anafunga akaunti na kusaini fomu ya kuondoka. Fomu inakaa kwenye faili la mfanyakazi." Imeisha. Kwenye data: kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi nachukua faili moja kutoka kwenye diski inayokaa ofisi yetu ya pili, nalifungua, naandika tarehe na jina la faili kwenye kaunta buku. Zote pamoja sasa ni kurasa 11, kwa Kiswahili, kwa sababu wanaozifuata ndiyo lugha wanayofanyia kazi.

Mkaguzi wa mteja mwingine alikuja mwaka huu. Akalipekua lile kaunta buku, akakuta mwezi mmoja hauna kitu. Nikamwambia nilikuwa naumwa na hakuna aliyenishikia. Akaliandika, akatuambia tuweke mtu wa pili, akaendelea.

Huyo mshauri wako mfungulie ukurasa wowote, muulize nani hapo kwenu anafanya kilichoandikwa na utamwonyesha nini mkaguzi. Na kesho asubuhi, kabla ya lolote, toa orodha ya akaunti zilizo hai kwenye mfumo wenu, iweke kando ya orodha ya mishahara ya mwezi huu. Ukikuta jina ambalo halilipwi mshahara, rudi hapa hapa, nitakutumia fomu yetu ya kuondoka.